Mtoto wa nje wa mungu wa bahari

Jumamosi moja jioni nyumbani kwetu Tabata tulikaa watu saba mbele ya runinga kuangalia muvi niliyoingiziwa kwenye flashi pale kibandani. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Percy Jackson, ile ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Chris Columbus. Inaanza na jitu linaloibuka baharini huko New York, maji yakilichuruzika, likapanda gatini, na kadiri linavyotembea linapungua mpaka linakuwa mwanamume wa kawaida kabisa. Huyo ni Poseidon. Anakwenda kukutana na ndugu yake Zeus juu ya jengo la Empire State, na Zeus anamshtaki: radi yangu imeibwa, na mwizi ni mwanao. Hapo msimuliaji wetu, yule anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, akashusha sauti kama mtu anayeleta habari barazani: "Sasa ndugu mtazamaji, dogo mwenyewe hajui lolote. Huyu ni mtoto wa nje wa mungu wa bahari."

Wadogo wakacheka. Mpwa wangu wa miaka 11, mtoto wa dada yangu, hakucheka. Alikuwa na pakiti ya ubuyu mkononi na vidole vimemgeuka vyekundu. Akabaki anatazama kioo, shavu moja limevimba kokwa aliyosahau kuitema.

Maneno yale hayajanitoka. Kwenye Kiingereza cha filamu hayapo. Wao wana neno la kifahari, nusu mungu, linalomfanya mtoto aonekane ana kitu cha ziada. Msimuliaji wetu akaliweka kando, akachukua neno tulilonalo nyumbani, linalomfanya mtoto aonekane amepungukiwa. Naamini yeye ndiye aliyeisoma hadithi sawasawa, kwa sababu hadithi yote ya Percy ni ya mtoto anayejiona amepungukiwa na hajui kwa nini.

Filamu za familia zinazotokana na visasili vya Kiyunani huwa tunazisifia majoka, mapanga na farasi wenye mabawa. Hivyo vina raha yake, na sitaki kuvidharau. Watu wanaokumbuka Jason and the Argonauts ya mwaka 1963 bado wanasimulia vita vya mifupa saba iliyofufuka, ambayo Ray Harryhausen aliichezesha kidogo kidogo, picha moja baada ya nyingine, kwa zaidi ya miezi minne ili tupate dakika chache za kushangaa. Lakini kinachowakalisha watoto na watu wazima kwenye mkeka mmoja ni kitu kingine. Ukiyaondoa majoka, kinachobaki ni kesi ya ukoo.

Watazame wenyewe. Perseus ni mjukuu aliyetabiriwa kumuua babu yake. Babu akamtia mtoto na mama yake Danaë ndani ya sanduku, akawatupa baharini. Theseus alikulia kwa mama bila kumjua baba. Alipopata nguvu za kijana, mama akamwonyesha jiwe kubwa ambalo baba alikuwa ameficha upanga na viatu chini yake kabla ya kuondoka: ukiliinua, nenda Athens ukamtafute. Jason alinyang'anywa kiti na ndugu wa baba yake. Hata hao miungu wenyewe, walipokwisha kumpindua baba yao Kronos, aliyekuwa akiwameza watoto wake mara wanapozaliwa, ndugu watatu walipiga kura kugawana mirathi. Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha familia baada ya arobaini, watu wanagawana nyumba ya Ilala na shamba la Mkuranga, anajua yule aliyepata kuzimu alirudi nyumbani na moyo gani. Mama yangu, ambaye hana habari na Ugiriki ya kale, alitazama nusu saa tu akauliza: "Hawa mbona wanagombana kama wapangaji wa nyumba moja?"

Kwa hiyo kipimo changu cha filamu hizi ni kimoja. Je, inathubutu kuigusa kesi ya ukoo, au inaikwepa?

Hercules, katuni ya Disney ya mwaka 1997, inaikwepa. Nasema hivyo nikiwa na binti anayeijua yote kwa moyo, na mimi mwenyewe naipenda. Waliiongoza Ron Clements na John Musker, wawili walewale walioongoza Aladdin ya mwaka 1992, na wazo lao la kuwageuza Muses, miungu wa kike wa sanaa, kuwa waimbaji watano wa gospo wanaosimulia kwa kuimba na kupokezana ni wazo la watu wanaojua kuwa hadithi inataka sauti. Ukiisikia ile kwaya ikianza, hata aliyekuwa anasinzia anaketi vizuri.

Lakini tazama walichofanya kwa mtoto. Katika masimulizi ya kale Heracles ni mtoto wa Zeus na Alcmene, mke wa mtu. Zeus alijigeuza sura ya mumewe, Amphitryon, akaingia nyumbani. Hera, mke wa ndoa wa Zeus, akatuma nyoka wawili kwenye kitanda cha kichanga, na kichanga kikawanyonga kwa mikono yake. Kwenye katuni nyoka wapo na wananyongwa, ila sasa ni vibaraka wa Hades waliojigeuza. Hera amekuwa mama mzazi anayelia kwa upendo. Alcmene amebaki mama mlezi. Mtoto wa nje ameingizwa ndani ya ndoa kwa kalamu ya mwandishi, na aibu yote ya nyumba akabebeshwa baba mdogo wa kuzimu, aliyegeuzwa shetani ingawa Wayunani wa kale hawakumwona hivyo. Kwao Hades alikuwa mtawala mkali wa wafu.

Mtu ataniambia: hii ni katuni ya watoto, ulitaka waonyeshe nini? Sitaki waonyeshe kila kitu. Heracles wa kale alitiwa wazimu na Hera akawaua watoto wake mwenyewe, na zile kazi 12 zilikuwa za kulipia damu hiyo. Kumficha mtoto wa miaka sita jambo hilo ni kumhurumia. Kuna kuficha kwa huruma na kuna kuficha kwa woga, na tofauti yake ni hii: ukiyaficha mauaji, umemkinga mtoto. Ukimficha mtoto wa nje, umemficha mtoto aliyekaa pale pale sebuleni anakutazama.

Tena hadithi yenyewe inapoteza nguvu. Hercules wa katuni aliibwa. Mtoto aliyeibwa anajua kuwa wazazi wanamtaka na wanamlilia. Kazi yake ni kutafuta njia ya kurudi tu. Mtoto ambaye hajakubaliwa ana swali zito zaidi: nikifika, nitafunguliwa mlango?

Swali hilo ndilo Rick Riordan aliloliweka kwenye kitabu chake cha mwaka 2005, kilichozaa ile filamu ya Percy Jackson. Riordan alikuwa mwalimu, na alianza kumsimulia mwanawe visa hivi wakati wa kulala, mtoto ambaye herufi zilimchanganya kila akisoma. Ndiyo maana Percy naye shuleni anaonekana mzito na mtundu. Kitabuni ana miaka 12, na anapofika kwenye kambi ya watoto wa miungu hakuna anayejua baba yake ni nani. Watoto waliokwisha kutambuliwa wana mabweni yao, la Athena huku, la Ares kule. Ambaye mzazi wake hajajitokeza anapelekwa bweni la Hermes, kwa sababu Hermes ni mungu wa wasafiri na nyumba yake haimkatai mtu. Huko wanabanana. Percy anaonyeshwa kipande cha sakafu.

Nani hapa mjini hajalala kwenye chumba cha namna hiyo? Miaka yangu ya shule ya msingi nililala kwa bibi Magomeni, watoto tisa na vyandarua viwili, mkeka ukiwa na mpangilio wake ambao bibi peke yake ndiye aliyeuelewa. Binamu yangu mmoja alikuwa na begi la bluu aliloliweka chini ya kitanda cha bibi. Nguo za shule alizitoa, sare akaivaa kila siku, lakini shati moja jeupe na suruali ya sikukuu vilibaki mle begini vimekunjwa, kwa kuwa aliambiwa baba yake atakuja mwezi ujao kumchukua. Bibi kila baada ya muda alivitoa, akavifua, akavianika, akavikunja tena na kuvirudisha. Shati lile lilimpungukia mikono likiwa bado jipya.

Filamu ya mwaka 2010 imeliruka bweni la Hermes. Percy wa filamu ni kijana mkubwa, anafika kambini, na mara anaonyeshwa kibanda kizuri kando ya maji alichojengewa na baba yake. Hakuna kusubiri wala sakafu. Ni kosa kubwa kuliko yote yaliyolalamikiwa na wapenzi wa kitabu, na nadhani ndilo linaloifanya filamu ipite haraka machoni bila kukaa moyoni, pamoja na uzuri wa Medusa wa Uma Thurman na vita vya joka la vichwa vingi. Tamthilia ya runinga ya Percy Jackson iliyoanza Desemba 2023 ilirekebisha. Ikarudisha umri wa miaka 12, bweni la Hermes na ile hali ya kungoja mbele za wenzako siku mzazi wako atakapokutambua. Alama ya mkuki wa ncha tatu, silaha ya Poseidon, inapowaka juu ya kichwa cha yule mtoto, ukoo wake umethibitishwa hadharani. Kwetu kazi hiyo ilipewa mahakama: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatoa nafasi ya kuomba mahakama itamke mzazi ni nani, na vipimo vya vinasaba vinaweza kutumika. Lakini sheria haiwezi kumfanya baba aje Jumamosi.

Jambo moja ambalo filamu ya 2010 haikulikwepa ni Luke. Mwizi wa radi ni yeye, mtoto wa Hermes, kijana mzuri anayewapokea wageni kambini. Hasira yake si ya mali. Ana baba ambaye ni mjumbe wa miungu yote, anayefika kila mahali duniani isipokuwa kwa mwanawe. Nilipomweleza hivyo mke wangu alisema, "Basi huyo si adui, huyo ni majeruhi." Nakubaliana naye. Ukitaka kujua kama mtoto ameielewa hadithi, usimuulize nani alishinda. Muulize anamwonaje Luke.

Kuna wazazi wenzangu wanaozuia filamu hizi kwa sababu ya miungu, na woga wao nauheshimu, kwa kuwa unatokana na kujali. Ninachoweza kusema ni kilichotokea kwangu. Jirani yetu, mama wa kanisani, alimsikia binti yangu akitaja Zeus, akaingia ndani akatoka na Biblia, akatusomea Matendo ya Mitume sura ya 14: jinsi watu wa Listra walivyomwona Barnaba wakamwita Zeu, na Paulo wakamwita Herme kwa sababu ndiye aliyekuwa msemaji, na jinsi mitume walivyorarua mavazi yao kwa uchungu. Watoto walisikiliza midomo wazi. Majina waliyoyazoea kwenye runinga yalikuwa yameaminiwa na watu wa kweli, kwenye mji wa kweli, na wengine wakayakataa. Somo la dini lililotoka jioni ile lilikuwa zito kuliko katazo lolote. Na Zeus wa visasili, kwa uongo wake na uzinzi wake, hamvuti mtoto kumsujudia. Anamfanya aulize kwa nini mkubwa anaruhusiwa kukosea.

Yupo pia mtu aliyetolewa nje ya nyumba yake na filamu zenyewe. Andromeda, yule binti aliyefungwa mwambani aliwe na mnyama wa baharini mpaka Perseus akamwokoa, kwa Wayunani alikuwa binti wa mfalme wa Ethiopia. Mshairi Ovid alimtaja kwa weusi wa ngozi ya nchi yake. Clash of the Titans ya mwaka 1981 ikampa nafasi hiyo mwigizaji Mwingereza Judi Bowker, na mnyama akapewa jina la Kraken, ambalo ni la hadithi za mabaharia wa Skandinavia. Yaani mgeni kutoka kaskazini akaingizwa, mwenyeji wa kusini akasahauliwa. Homer mwenyewe, mshairi wa kale wa Kiyunani, mwanzoni kabisa mwa utenzi wake wa Iliad, anawapeleka miungu wote Ethiopia kula karamu kwa siku 12. Kwa hiyo Leah Jeffries, binti mweusi, alipochaguliwa kuwa Annabeth, rafiki wa Percy, kwenye tamthilia na akatukanwa mitandaoni kwa rangi yake, nilimwambia binti yangu kuwa watu wa rangi yetu walikuwa wenyeji wa karamu hiyo zamani. Aliniuliza walipika nini. Nikasema pilau, na nadhani Homer hatapinga.

Na sisi tunaye wa kwetu. Fumo Liongo alikuwa mkubwa kwa umri, hodari wa mishale na bingwa wa mashairi, lakini katika masimulizi mengi kiti kilikwenda kwa Mringwari kwa sababu ya upande wa mama. Mtoto wa ndani na mtoto wa pembeni, kesi ileile. Silaha hazikumdhuru, kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba ikimchoma kitovuni, kama Achilles na kisigino chake. Maadui wakamtuma mwanawe mwenyewe aichimbe siri. Liongo akahisi kuwa mtoto ametumwa, na bado akamwambia. Mtoto akamchoma amelala. Liongo akaamka, akatwaa upinde, akaenda akapiga goti kisimani mshale ukiwa tayari, akafa vivyo hivyo, na watu wakashindwa kuteka maji wakidhani yu hai, mpaka mama yake alipoitwa kumbembeleza.

Hakuna katika hadithi hiyo aliyeona haja ya kumgeuza Mringwari kuwa shetani, au kumficha mtoto aliyemuua baba yake. Bibi alitusimulia hivyo hivyo, tukiwa wadogo, na tukalala. Natamani nimwone Liongo kwenye kioo kikubwa pale Mlimani City, watoto wamekaa mstari mzima, na waliotengeneza filamu wawe wameliacha lile goti la kisimani kama lilivyo.

Mpaka siku hiyo ifike, nawashukuru wasimuliaji wetu. Tangu enzi za Lufufu, aliyeifanya kazi ya kutafsiri filamu hapa Dar es Salaam ijulikane, hadi vijana wanaosikika leo kwenye mabanda umiza ya Manzese na Mbagala, wanafanya kitu ambacho tafsiri ya maandishi haiwezi. Wanasimama kati ya filamu na mtazamaji kama bibi alivyosimama kati yetu na zimwi. Wanakatisha, wanaonya, wanamuuliza shujaa akili yake iko wapi. Wapo wanaosema wanaiharibu filamu. Mimi naona wanaifanyia kile Wayunani wenyewe walichozifanyia hadithi zao. Kila mshairi alimsimulia Heracles kwa namna yake na hakuna aliyeomba radhi.

Mwisho wa ile filamu, Percy anakutana na baba yake Olympus. Poseidon anamweleza: Zeus aliwakataza miungu wasikae na watoto wao; lakini nilikuwa nakuona, sauti uliyoisikia ilikuwa yangu. Kitabuni baba si mwepisi hivyo. Anamwambia mwanawe anasikitika kwamba alizaliwa, kwa kuwa maisha ya shujaa huishia pabaya. Ni maneno makali, na bado nayaona ya heshima zaidi kuliko yale ya "sheria ilinikataza."

Mpwa wangu alinigeukia. "Mjomba, kumbe alikuwa anamwona siku zote?"

"Ndivyo anavyosema."

"Sasa kama alikuwa anamwona..." Akanyamaza. Dada yangu alikuwa kwenye kochi anakunja nguo; akaendelea kukunja fulana ileile, akaikunjua, akaikunja tena.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika saa mbili usiku, tukahamia barazani. Wadogo wakataka hadithi, na kabla sijajibu mpwa wangu akasema paukwa, wakaitika pakawa. Akaanza kwa ile sauti ya msimuliaji, nzito, ya kuburuza. Kwenye hadithi yake mungu wa bahari aliibuka Magogoni, kati ya pantoni na soko la samaki, wavuvi wakakimbia wakaacha ndoo zao. Kijana alikuwa amesimama kwenye foleni ya kwenda Kigamboni. Baba akamjia, maji yanamdondoka, akasema mimi ni baba yako. Kijana hakusogea. Akamuuliza, "Ulikuwa wapi?"

Wadogo wakasogea karibu. "Akasemaje?"

Mpwa wangu alitazama upande wa barabarani, kulikopita bajaji na taa yake moja.

"Bado anafikiria," akasema.